Kaskazi Inapokataa Kuaga: Wasomaji Wauliza kuhusu Bahari na Pepo Kavu

Barua za safari hii zimetoka Pangani, Loiyangalani, Mombasa na Dodoma, na zote zinahusu jambo moja: uhusiano kati ya joto la bahari, ambalo hupanda na kushuka polepole kwa miaka na miongo, na pepo kavu zinazoikausha Afrika Mashariki. Barua ya kwanza imepewa nafasi kubwa kwa sababu majibu ya zile nyingine yanaegemea juu yake.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mvuvi, na nyuma ya kijiji nina shamba dogo la mahindi na kunde. Marehemu babu yangu alizoea kuniambia kwamba kaskazi ni mgeni mwenye adabu: huingia Desemba, hukaa kiangazi chote, na katikati ya Machi huaga ili masika iingie. Miaka ya karibuni naona mgeni huyu haagi. Aprili inafika, upepo bado ni mkavu, na mbegu niliyoipanda kwa kufuata hesabu ya babu inaoza au kuliwa na ndege. Redioni husemwa kwamba joto la Bahari ya Pasifiki ndilo linaloamua mambo haya. Inawezekanaje maji ya upande wa pili wa dunia yaukaushe upepo wa Pangani? Na je, ni kweli kwamba hali hii huja kwa mzunguko wa miaka mingi?
*Msomaji, Pangani*

JIBU: Ndugu yetu wa Pangani, kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa mara nyingi, yaani kuwapo kwa upepo na ukavu wa upepo. Kaskazi huwapo kila mwaka, na hakuna bahari ya mbali inayoweza kuizuia isije. Jua linapokuwa kusini ya Ikweta, bara la Asia pamoja na Arabuni hupoa, hewa iliyo juu yake huwa nzito, hali ambayo watabiri huiita mgandamizo mkubwa wa hewa, nayo hewa hiyo nzito huteremkia kusini ambako kuna joto na hewa nyepesi. Ndiyo safari iliyoyaleta majahazi ya Maskati, Sur na Hadhramaut hadi Lamu, Mombasa na Unguja kwa karne nyingi, na kusi ikayarudisha kwao.

Ukavu una chanzo kingine. Kaskazi hutoka nchi kavu, huambaa na pwani ya Somalia, na ingawa hupita juu ya maji na kuchukua unyevu, unyevu huo hubaki katika tabaka jembamba la chini. Juu ya tabaka hilo kuna hewa inayoshuka. Hewa inaposhuka hubanwa, na inapobanwa hupata joto la takriban nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila kilomita moja, na hewa iliyoongezewa joto bila kuongezewa maji huwa na kiu. Huufunika unyevu wa chini kama mfuniko wa sufuria. Wewe uliye baharini alfajiri umeona mara nyingi vijiwingu vikijitunga kama pamba kwenye upeo wa macho, vikakaa hapo hadi adhuhuri, kisha vikayeyuka bila kupanda. Mfuniko ndio uliovizuia. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini kaskazi ya mwaka fulani ni kavu kuliko ya mwaka mwingine hana budi kuuliza kwa nini hewa inashuka kwa nguvu juu ya Afrika Mashariki, na swali hilo ndilo linalotupeleka hadi Indonesia na Pasifiki.

Kati ya Indonesia na magharibi mwa Pasifiki kuna dimbwi kubwa la maji ambayo karibu mwaka mzima yana joto la nyuzi 28 na zaidi. Hewa iliyo juu yake hupanda kwa nguvu, humwaga mvua huko huko, kisha, ikiwa imekwisha kukamuliwa maji, husambaa angani kwenda mashariki na magharibi kutafuta mahali pa kushukia. Tawi moja hushuka mashariki mwa Pasifiki, kuelekea Peru. Tawi jingine hushuka kwetu, magharibi mwa Bahari ya Hindi. Mzunguko huu umepewa jina la Gilbert Walker, Mwingereza aliyeongoza idara ya hali ya hewa ya India kuanzia 1904 hadi 1924, ambaye katika kutafuta sababu za India kukosa mvua aligundua kwamba mgandamizo wa hewa wa Pasifiki na ule wa Bahari ya Hindi hupanda na kushuka kwa kupokezana, kama watoto wawili waliokaa kwenye ncha mbili za ubao wa bembea. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa Jacob Bjerknes alionyesha kwamba bembea hiyo ya hewani na joto la maji ya Pasifiki ni kitu kimoja: joto la maji husukuma upepo, na upepo nao huyasukuma maji.

Sasa lete habari hiyo Pangani. Katika miaka ya La Niña, pepo za Pasifiki huyarundika maji moto upande wa Indonesia, hewa hupanda huko kwa nguvu zaidi, na kwa kuwa kila hewa iliyopanda lazima ishuke mahali, hushuka juu yetu kwa wingi zaidi. Mfuniko wa sufuria unakuwa mzito. Katika miaka ya El Niño, ambayo huja kila baada ya miaka 2 hadi 7, dimbwi la maji moto husogea mashariki, mfuniko unalegea, na mawingu yetu hupata nafasi ya kupanda.

Bahari ya Hindi nayo ina mizani yake. Mwaka 1999 N. H. Saji na wenzake waliieleza hali waliyoiita Dipoli ya Bahari ya Hindi. Kuna miaka ambayo maji ya upande wetu hupata joto kupita kawaida huku maji ya pwani ya kisiwa cha Sumatra, Indonesia, yakipoa, na kuna miaka ambayo mambo hugeuka. Mizani inapoelemea kwetu, pepo za mashariki huleta unyevu na hewa hupanda juu ya nchi kavu. Inapoelemea Sumatra, upepo wa baharini hutupa kisogo. Wazee wa Kanda ya Ziwa wanaikumbuka vuli ya 1961, ambayo baada yake Ziwa Viktoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Wengi wetu tunaikumbuka ile ya 1997, El Niño na Dipoli zilipokutana. Mwaka 2019 tofauti ya joto kati ya pande mbili za bahari ilizidi kawaida yake kwa nyuzi 2 katika baadhi ya wiki, mafuriko yakatuandama hadi mwaka mpya, na wakati huo huo upande wa pili wa mizani Australia ilikuwa ikiungua kwa moto wa nyika uliochochewa na pepo kavu. Kinyume chake kilitokea 2016, vuli iliposhindwa, na tena 2022, ambapo La Niña na Dipoli hasi, yaani mizani kuelemea Sumatra, zilikuja pamoja: Pembe ya Afrika ikakosa mvua kwa misimu mitano mfululizo tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, na Dar es Salaam ikaingia katika mgao wa maji baada ya Mto Ruvu kupungua.

Utaona kwamba mifano yote hiyo ni ya vuli, ilhali wewe umeuliza kuhusu masika. Hapo ndipo penye ugumu, na sipendi kukupa jibu jepesi. Vuli hufuata bahari kwa utii mkubwa, kwa sababu El Niño, La Niña na Dipoli zote huwa zimekwisha kujijenga kufikia Septemba. Machi hadi Mei ni majira ambayo hali hizo aghalabu zinabomoka au kugeuka, na vurugu za muda mfupi hupata nguvu ya kuamua. Chukua miaka miwili iliyofuatana. Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilipita mashariki mwa Madagaska, vikavuta upepo wenye unyevu kutoka Kongo ukavuka hadi kwetu, na masika ikawa miongoni mwa zile zenye mvua nyingi kuliko zote zilizorekodiwa Kenya. Machi 2019 kimbunga Idai kilikaa katika Mlango wa Msumbiji kabla ya kuipiga Beira, kikauvutia unyevu upande huo, na masika ikachelewa kwa wiki nyingi. Bahari ile ile, mwezi ule ule, na matokeo yakapishana kabisa kwa sababu ya mahali kimbunga kilipopita.

Hata hivyo, chini ya vurugu hizo kuna jambo la miaka mingi, na hapa hesabu ya babu yako inapata maelezo. Pasifiki ina mgeuko mwingine wa polepole, unaohesabiwa kwa miongo. Wataalamu wa samaki waliokuwa wakichunguza samoni wa Alaska katika miaka ya 1990 ndio walioupa jina la Pacific Decadal Oscillation, baada ya kuona kwamba wavuvi wa huko walipata neema kwa miaka 20 au 30 mfululizo, kisha uhaba kwa muda kama huo. Kuanzia 1947 hadi 1976 mgeuko huo ulikuwa katika hali ya baridi; kuanzia 1977 hadi karibu 1998 ulikuwa katika hali ya joto; tangu hapo umeegemea zaidi upande wa baridi, isipokuwa kwa miaka michache katikati ya muongo wa 2010. Katika hali ya baridi, Pasifiki nzima hukaa mfano wa La Niña isiyoisha: mashariki kumepoa, na dimbwi la Indonesia lina joto la ziada. Bradfield Lyon na David DeWitt walionyesha mwaka 2012 kwamba masika ya Afrika Mashariki ilipungua ghafla karibu na 1999, wakati ule ule joto la Pasifiki lilipobadilika mkao.

Kwa hiyo babu yako hakukosea. Ikiwa kanuni yake aliijaribu na kuithibitisha katika miaka ya 1980 na 1990, aliijaribu wakati bahari ilikuwa imekaa mkao mwingine. Ninaloliongeza kwa msisitizo ni kwamba mgeuko wa miongo hauko peke yake siku hizi, kwani juu yake limepandishwa joto ambalo binadamu ameliongeza duniani, na maji ya magharibi mwa Pasifiki yanazidi kupata joto hata katika miaka ambayo mzunguko wenyewe ungeyaacha yapoe. Masika za 2018, 2020 na 2024 zilileta mafuriko, na hizo zinatukumbusha tusiandike kwamba masika imekufa. Mabadiliko ambayo mvuvi na mkulima anayaona ni kwamba miaka ya kaskazi kukawia imekuwa mingi, na miaka ya mvua, inapokuja, huja kwa kishindo.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Upepo wetu haukomi mwaka mzima, nao hutoka kusini-mashariki, ambako ramani inaonyesha ipo Bahari ya Hindi. Wanafunzi wangu wameniuliza kitu nilichoshindwa kukijibu: upepo unaotoka baharini umekuwaje mkavu kiasi hiki?
*Mwalimu, Loiyangalani*

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali ambalo hata wataalamu walichelewa kuliuliza. Upepo wenu ulielezwa kitaalamu mwaka 1982 tu, katika makala ya Joseph Kinuthia na G. C. Asnani waliokuwa wakifanya kazi Nairobi, nao sasa unajulikana ulimwenguni kama mkondo wa upepo wa Turkana. Chora ubaoni nyanda za juu za Ethiopia upande mmoja na nyanda za juu za Kenya upande mwingine, kisha uache bonde katikati. Upepo mpana unaotoka baharini hufika kwenye mdomo wa bonde hilo ukalazimika kupita mahali pembamba, na kama maji ya mto yanavyokimbia mto unapobanwa na mawe, upepo nao hukimbia. Ndiyo sababu hapo jirani yenu pamesimikwa mitambo 365 ya kufua umeme wa upepo, yenye uwezo wa megawati 310.

Mbio hizo ndizo zinazouzuia kunyesha. Hewa inayoongeza mwendo hujinyoosha na kutawanyika, na hewa ya juu hushuka kuijaza nafasi iliyoachwa. Kushuka huko, kama nilivyomweleza ndugu wa Pangani, ni joto na ukavu. Unyevu wa bahari unapita mbele ya macho yenu, chini chini na kwa kasi, ukielekea Sudan Kusini na bonde la Kongo, ambako hatimaye hupanda na kuwa mvua. Jangwa la Chalbi liko kandokando ya barabara hiyo ya unyevu na halipati hata tone la ushuru. Waeleze watoto kwamba upepo unaweza kubeba maji na bado ukawa mkavu kwa yule anayepitiwa, kwa maana mvua haitegemei unyevu peke yake. Hutegemea pia kama hewa inapanda.

Na bahari inahusikaje? Kasi ya mkondo hutokana na tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya Bahari ya Hindi na ndani ya bara, na joto la bahari ni mojawapo ya vitu vinavyoiongeza au kuipunguza tofauti hiyo. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba mkondo unapodhoofika, unyevu hutulia na kupanda juu ya Kenya na Ethiopia, mvua ikaongezeka; unapopata nguvu, unyevu husombwa ukapita. Kwenu, tofauti na Pangani, bahari huukausha upepo kwa kuuharakisha.

Niongeze jambo moja kuhusu kusi ya Juni hadi Septemba, kwa kuwa ni ndugu wa damu wa upepo wenu. Kusi inapovuka Ikweta karibu na pwani ya Kenya hugeukia kulia, ikakimbia sambamba na pwani ya Somalia hadi India. John Findlater, aliyeuchunguza mkondo huo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1969, alionyesha kwamba ni miongoni mwa mikondo ya upepo wa chini yenye nguvu zaidi duniani. Unapokimbia hivyo huyasukuma maji ya juu ya bahari mbali na Somalia, na maji baridi ya vilindini hupanda kushika nafasi yake. Upepo ulio juu ya maji baridi haupati joto la kuupandisha. Hivyo upepo unaoipa India mvua zake za mwaka huiacha Somalia, ambayo imepitiwa nao kwanza, katika kiangazi kikali.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Vyombo vya satelaiti vya kupimia joto la bahari vimekuwapo kwa miongo michache tu. Mtu anawezaje kudai kwamba kuna mizunguko ya miaka 20, 30 au 60? Je, si kubahatisha huko?
*Mwanafunzi, Mombasa*

JIBU: Shaka yako ni ya haki, na kama vipimajoto vingekuwa ndio mashahidi pekee ningekuunga mkono. Kabla ya satelaiti mabaharia walichota maji kwa ndoo wakayapima, na rekodi hizo zinarudi nyuma hadi karne ya 19, ingawa zina mapengo makubwa katika maji yetu. Lakini wapo mashahidi wawili walio karibu nawe.

Shahidi wa kwanza ni tumbawe la Malindi. Tumbawe aina ya Porites hujijenga tabaka kwa tabaka, mwaka baada ya mwaka, kama mti unavyoongeza pete, na uwiano wa aina mbili za oksijeni katika chokaa yake hubadilika kwa kufuata joto la maji. Mwaka 2000 Julia Cole na wenzake, akiwemo Nyawira Muthiga wa Kenya, walichapisha matokeo ya tumbawe moja lililokuwa limetunza kumbukumbu ya miaka 194. Waligundua kwamba joto la bahari ya Malindi limekuwa likipanda na kushuka kwa miaka na miongo sawia na joto la Pasifiki ya tropiki, tangu enzi ambazo Sayyid Said alikuwa bado hajahamia Unguja. Juu ya kupanda na kushuka huko waliona joto likiongezeka kwa ujumla, hadi kufikia nyuzi 1.3 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1800.

Shahidi wa pili anazungumza kuhusu upepo wenyewe, na kwangu mimi ndiye mwenye kushangaza zaidi. Ziwa Chala liko kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, chini ya Kilimanjaro, upande wa Taveta. Ni shimo la volkano lenye kina kirefu na kuta zilizosimama wima, na tope la chini yake halivurugwi. Kila mwaka tabaka mbili hulala humo, moja nyeusi na moja nyeupe. Ile nyeupe hutokana na viumbe vidogo vya majini vyenye magamba kama kioo, viitwavyo daiatomu, ambavyo hustawi upepo wa majira makavu unapoyakoroga maji na kuinua virutubisho kutoka chini. Mwaka wa upepo mkali na ukame mrefu huacha tabaka nene. Mwaka wa mvua na upepo dhaifu huacha tabaka jembamba. Christian Wolff na wenzake walizipima tabaka hizo na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Walipozilinganisha na rekodi za bahari za miaka 150 iliyopita, waliona kwamba tabaka nene huangukia miaka ya La Niña na tabaka nyembamba miaka ya El Niño. Kisha wakateremka katika tope hadi miaka 25,000 nyuma, wakakuta kwamba katika enzi ya barafu, dunia ilipokuwa na baridi, kupishana kwa miaka ya mvua na miaka ya upepo mkavu kulikuwa kudogo kuliko sasa.

Ama mzunguko wa miaka 60 na zaidi uliousikia ni wa Atlantiki ya Kaskazini, nao hauelezi hali ya Mombasa. Mahali pake ni Saheli, ukanda ulio kusini ya jangwa la Sahara. Katika miaka ya 1970 na 1980 Atlantiki ya kaskazini ilikuwa imepoa kuliko ile ya kusini, ukanda wa mvua ukabaki kusini, na Saheli ikaingia katika ukame mrefu ambao Chris Folland na wenzake waliuhusisha na joto la bahari mwaka 1986. Upepo wao mkavu, harmatani, hutoka Sahara kila Novemba hadi Machi kama kaskazi yetu inavyotoka Arabuni, na ardhi iliyokosa majani huupa vumbi la kubeba. Huko Barbados, ng'ambo ya Atlantiki, ambako vumbi la Afrika limepimwa tangu 1965, miaka ya 1983 na 1984 ndiyo iliyokuwa kilele. Hoja yako ina nguvu hapa zaidi kuliko kwetu, kwa sababu rekodi ya miaka 150 ina nafasi ya mizunguko miwili tu ya namna hiyo, na wapo wataalamu wanaosema kwamba sehemu ya kupoa kule ilitokana na moshi wa viwanda vya Ulaya na Marekani.

SWALI: Ndugu Mhariri, kama Pasifiki hugeuka kila baada ya miaka 25 hivi, na iligeuka karibu na 1998, je, sisi wakulima wa Dodoma tuhesabu kwamba miaka mizuri imekwisha kuanza?
*Mkulima, Dodoma*

JIBU: Ndugu mkulima, nakusihi usipande kwa hesabu hiyo. Neno "mzunguko" limetuponza, kwa sababu linatufanya tufikirie gurudumu au mwezi mwandamo. Mgeuko wa Pasifiki hauna tarehe. Kipindi kimoja kilichukua miaka 30, kilichofuata 22, na tangu 2020 Pasifiki imekaa katika hali ya baridi kali ingawa kwa hesabu yako ilikuwa imekaribia kugeuka.

Pia Dodoma ina nafasi yake ya pekee. Nyinyi mna msimu mmoja wa mvua, na mko kwenye mpaka kati ya pande mbili zisizokubaliana: El Niño ambayo huleta vuli nzuri kaskazini na pwani ndiyo ambayo huikausha kusini mwa Afrika, kama ilivyotokea Zambia, Malawi na Zimbabwe katika msimu wa 2023 hadi 2024. Mwaka mmoja mpaka huo hupita kaskazini mwenu, mwaka mwingine kusini. Tangazo la redioni kwamba "El Niño inakuja" halijakuambia bado lolote kuhusu shamba lako.

Kinachokufaa ni utabiri wa msimu, unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya mvua za Novemba, baada ya wataalamu wa nchi zetu kukutana chini ya kituo cha hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, na kuyasoma maji ya bahari zote mbili. Usisikilize neno "juu ya wastani" au "chini ya wastani" peke yake. Sikiliza pia tarehe ya mvua kuanza na kukatika, na taarifa ya vipindi vya ukavu katikati ya msimu, maana kwenu mtama na uwele huharibiwa zaidi na wiki tatu kavu za Januari na Februari kuliko na upungufu wa jumla ya mvua. Utabiri huo hufanyiwa marekebisho msimu ukiendelea, na yale yanayotoka mapema hukukuta bado una muda wa kupanda tena mbegu ya muda mfupi.